Mimi Namwona: Historia ya Fundi Kopo

Ndugu, jamaa, majirani, mafundi wenzake na wote mliofika, tunaomba mkae, hata ninyi mliosimama pale nyuma kwa matumaini ya kuondoka mapema, maana historia hii si ya ukurasa mmoja kama kamati ilivyoagiza. Kamati ilitaka isomwe na mtu mwenye sauti laini, ikamchagua mwalimu, mtoto wa marehemu, lakini dada wa marehemu alikata kauli kwamba yeye ndiye aliyemfahamu marehemu tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, hivyo ataandika yeye na atasoma yeye, na kwa kuwa utaratibu haumruhusu msomaji kujiweka mbele, ndani ya karatasi hizi ataitwa dada wa marehemu, kama vile ni mtu mwingine aliyekaa hapo kwenye viti. Mnajua wote kwamba kuna neno ambalo mtaa huu umelisema kwa miaka kumi na moja, kwamba marehemu alikaa kwenye kiti akamtazama mama yake mzazi akifa kwenye kioo cha televisheni, na wengi wenu mmekuja leo kusikia kama familia italitaja au italimeza. Litatajwa, tena kwa tarehe na saa, ila litangoja zamu yake.

Marehemu, ambaye mlimwita Fundi Kopo na baadaye mkambandika jina jingine tutakalolifikia, alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, saa tatu asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba yenye bati jekundu iliyo mkabala na karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba aliyekuwa mlinzi wa ghala na mama aliyekuwa mfuaji wa mashuka ya hospitali. Alizaliwa mdogo, mwembamba na mwenye kelele kuliko ukubwa wake, na dada yake, aliyekuwa na miaka mitano, aliambiwa amshike kichwa kisianguke, na tangu siku hiyo hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba sasa anaweza kukiachia. Baba alifariki tarehe 2 Agosti 1965 kwa homa ya siku nne, na marehemu hakumkumbuka kwa lolote isipokuwa tochi yake, ambayo aliifungua siku ya tatu ya msiba ili aone mwanga unakaa wapi, na haikuwaka tena.

Alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1968 na kumaliza la saba mwezi Novemba 1974, akiwa wa thelathini na moja kati ya wanafunzi arobaini na wawili, nafasi ambayo ndani ya familia imekuwa ikisimuliwa kuwa ya tatu, na leo tunairekebisha. Dada wa marehemu, aliyekuwa sekondari na aliyekuwa wa pili darasani, wa pili kweli kweli, aliacha masomo mwaka huo huo akaingia chumba cha kufulia kando ya mama yake, kwa kuwa nyumba isingeweza kuwasomesha wawili, na mwenye kelele nyingi ndiye aliyesikilizwa. Kwa hiyo marehemu alipelekwa chuo cha ufundi, mwaka 1975 hadi 1977, kusomea redio na televisheni, na huko akafundishwa kwamba hewa imejaa picha na sauti zinazopita bila mtu kuziona, habari ambayo alirudi nayo likizo akawaeleza mama na dada mezani, mama akainua macho kwenye dari kama mtu aliyeambiwa kuna popo, na dada, ambaye mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni, akamwambia basi azikamate hizo sauti zije zisaidie kukamua mashuka.

Tarehe 1 Februari 1978 aliajiriwa katika duka la matengenezo ya redio, na tarehe 4 Aprili 1988 akafungua karakana yake mwenyewe, chumba cha mita tatu kwa tatu kati ya kinyozi na muuza magodoro, chenye meza moja, stuli mbili na harufu ya lehemu ambayo ilimfuata hadi kitandani. Kazi aliijua, hilo hata adui yake hawezi kulikana, lakini watu hakuwajua, maana mteja akiingia na televisheni marehemu aliisalimia televisheni kwanza, na kuna mama mmoja, yupo hapa leo, aliyeambiwa mbele ya foleni nzima kwamba chombo chake hakina ubovu wowote ila kimechoka kutazamwa na mtu mmoja. Alimwoa mshonaji wa sare za shule siku ya Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1992, na kama mnaikumbuka picha ya arusi ile mtaona bwana arusi ana kutu ya bati magotini, kwa kuwa spika zilikoroma katikati ya sherehe akapanda paa la ukumbi na suti yake, na bibi arusi akalishwa keki na dada wa marehemu. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1994, ambaye ni mkunga, na mwana aliyezaliwa mwaka 1997, ambaye ndiye huyo mwalimu wa hesabu, na wote wawili wanaishi mbali na hapa, jambo ambalo hakuna anayewalaumu kwalo.

Sasa tuje kwenye makopo. Mwezi Mei 2004 mwenye mgahawa wa kona alimletea marehemu vifaa viwili vidogo, kimoja cha kurusha picha ya televisheni bila waya na kingine cha kuipokea, ambavyo karatasi yake ilisema vinafika mita thelathini, wakati chumba cha pili cha mgahawa kilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua tisini na mbili za marehemu. Fundi mwingine angemrudisha mikono mitupu, lakini marehemu alikwenda jikoni kwa dada yake, akalimwaga kopo la maziwa ya unga ndani ya bakuli bila kuuliza, akalitoboa ubavuni, akasimamisha ndani yake kijiti cha shaba chenye urefu wa milimita thelathini na moja, si thelathini wala thelathini na mbili, akakilehemu kwenye waya wa kifaa, akatengeneza la pili kama lile, akayaweka makopo mawili juu ya mapaa mawili yakitazamana mdomo kwa mdomo, na picha ikavuka barabara safi hata watu wa chumba cha pili wakaona jasho la wachezaji. Kuanzia hapo hakukuwa na kopo lililolala salama mtaani, alijaribu la kahawa, la rangi, la biskuti, akafika mita mia nne, kisha kilomita moja na robo siku ya mahafali ya sekondari, na kila aliyemuuliza siri yake alimjibu kwamba siri ni moja tu, antena lazima zionane, hata jani moja bichi likikaa katikati linakunywa picha yote. Aliisema sentensi hiyo mara nyingi sana, na mkewe, ambaye hakuwa ameonana naye kwa chakula cha mchana tangu mwaka uliotangulia, alikuwa akiisikiliza na pini mdomoni.

Tarehe 3 Juni 2009 mama alipata kiharusi akiwa anaanika nguo, upande wa kulia ukafa, sauti ikabaki nusu, na dada wa marehemu, aliyekuwa bado hajaolewa na aliyeacha kutumaini mwaka huo, ndiye aliyemgeuza, kumwosha, kumlisha na kumbeba kwenda chooni kwa miaka minne na miezi mitatu. Marehemu alikuja kila jioni, tusimnyime haki yake, alikaa ukingoni mwa kitanda akampapasa mama miguu, hadi Machi 2010 alipokuja na kamera ndogo akaifunga juu ya kabati, akaweka kopo kwenye paa, akasema sasa ataweza kumwona mama mchana kutwa akiwa kazini. Kamera haikuwa na sauti. Kila asubuhi mama aliinua mkono wa kushoto, uliobaki mzima, akauelekeza juu ya kabati, akauliza, "Ananiona?" na dada akajibu, "Anakuona, mama," na kwa mujibu wa muuza magodoro, ambaye alidhani jirani yake amerukwa na akili, marehemu naye huko karakana alikuwa anainua mkono peke yake mbele ya kioo.

Lakini ninyi mliomsifu hamkuwahi kuhesabu kama dada yake alivyohesabu. Kabla ya kamera alikuja kila jioni, baada ya kamera akawa anakuja Jumapili, na alipohamishia karakana na nyumba yake ng'ambo ya bonde mwaka 2012, kilomita tatu na mita mia nne kwa ramani, hakupungukiwa na kitu, alibadilisha tu vyombo, akaleta ruta za kurushia picha na kamera mpya, akalichukua karai kubwa la chuma ambalo mama alifulia nguo zetu zote tangu tukiwa watoto, akalifunga juu ya paa na kopo katikati yake, na picha ikavuka bonde. Alikuja sasa mara moja kwa mwezi. Kila antena ilipopata nguvu, miguu yake ilipungua nguvu, na dada wa marehemu alimwogesha mama yake kwa ndoo ya plastiki, kwa sababu karai lilikuwa juu likimtazama mwana.

Ruta zile zilikuwa na ugonjwa wao, hewa ikiwa mbaya picha haikuchafuka, iliganda, mtu akabaki ametulia kwenye kioo kama picha ya ukutani, na usingeweza kujua kama unachokiona ni cha sasa au cha robo saa iliyopita. Kwa ajili hiyo marehemu alitundika saa ya ukutani juu ya kitanda cha mama, ndani ya macho ya kamera, saa nyeupe yenye mshale mwekundu wa sekunde, akaeleza kwamba mshale ukitembea picha iko hai, mshale ukisimama picha imeganda na dawa yake ni kupanda juu na kuigeuza antena kidogo, upana wa vidole viwili, mpaka mshale uanze tena. Alijivunia saa ile kuliko karai. Alituonyesha jinsi anavyomtazama mama, kwanza saa, halafu mama.

Siku ya Jumamosi, tarehe 21 Septemba 2013, dada wa marehemu alikuwa na miadi ya macho hospitalini, miadi aliyoiahirisha mara tatu, akampigia marehemu simu aje akae na mama hadi mchana, na marehemu akajibu kwa maneno ambayo mtaa mzima unayajua kwa moyo, "Nenda tu, dada, mimi namwona." Dada akaondoka saa mbili na nusu asubuhi. Kama saa nne na robo mama alipata kiharusi cha pili, kimya kimya, mto chini ya kichwa, mkono wa kushoto karibu na sikio, na daktari aliyemkagua baadaye alisema aliendelea kupumua kwa muda wa saa mbili au zaidi, na kwamba kama mtu angekuwa chumbani, huenda tusingekuwa tunaongea haya. Kwa karibu saa tatu, tangu hapo hadi saa saba, marehemu alikuwa mbele ya kioo chake ng'ambo ya bonde. Alimwona. Alipanda paani mara nne, akaigeuza antena vidole viwili huku na vidole viwili kule, akabadilisha waya, akaizima ruta na kuiwasha, akarudi, kioo kikamwonyesha mama yule yule ametulia vile vile, akahitimisha kwamba ubovu uko upande wa pili, akapanda pikipiki akaja.

Dada alifika saa saba na dakika tano, marehemu akafika saa saba na nusu, na wengi wenu mlikuwa mmeshajaa chumbani, kwa hiyo mnakumbuka alivyoingia na koleo mkononi na waya shingoni, akapita katikati yenu, asimtazame mama yake aliyelala pale, akainua macho kwenye saa ya ukutani akabaki ameikodolea. Mshale mwekundu ulikuwa unatembea vizuri kabisa. Kuna aliyesema kwa sauti, "Mama yake kafa, yeye kaja kutazama saa," na marehemu akageuka akasema, "Ilikuwa imesimama, dada, nakuapia, saa ilikuwa imesimama," na dada wa marehemu, mbele ya watu wote, akamjibu kwamba saa hiyo haijawahi kusimama hata siku moja. Siku ya nne baada ya maziko mlikuwa tayari mmemwita Mtazamaji.

Jina hilo lilimkaa. Watoto walilipigia mbinja akipita, wateja walihamia kwa mafundi wengine, mwenye mgahawa aliyashusha makopo yake akayaacha mlangoni kwa marehemu bila hodi, na mwezi Januari 2015 mkewe alifunga virago akahamia kwa binti yao, akisema maneno ambayo familia inayakubali kuwa ya haki, "Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na paa." Marehemu hakumfuata, kwa kuwa alikuwa na kazi. Kila tarehe 21 Septemba alikuja nyumbani kwa dada yake, akaifunga ruta ile ile na kamera ile ile, akalielekeza karai kama lilivyokuwa, akarudi ng'ambo ya bonde, akakaa kutwa akiitafuta ile picha, picha iliyoganda saa tatu mfululizo na isitibiwe kwa kugeuza antena, na hakuipata hata mara moja, iliganda dakika mbili, dakika tano, kisha mshale ukatembea. Aliandika yote katika madaftari saba. Akamuuliza dada yake kila mwaka, kwa adabu, kofia mkononi, kama ana hakika saa haikuwa imesimama, na dada akamjibu kila mwaka kwamba asitafute kichaka cha kujificha, akawaeleza na majirani dukani jinsi alivyokuja tena na swali lake, nao wakacheka, na dada akacheka nao.

Tarehe 6 Februari 2024, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, marehemu alipanda juu ya paa la mama kulikaza karai lililolegezwa na upepo, bati likakatika, akaanguka kwa mgongo. Alilazwa hospitalini siku arobaini na moja, uti wa mgongo ulivunjika, miguu haikurudi, kisha akaletwa nyumbani kwa dada yake, na kwa kuwa nyumba ina kitanda kimoja tu cha mgonjwa, alilazwa katika kitanda cha mama, chini ya saa ya mama. Mwalimu alileta kamera mpya ndogo kama kiberiti, akaibandika juu ya kabati, akaeleza kwamba inarusha picha na sauti popote duniani bila kopo wala karai, na baba yake, aliyetoboa makopo kwa miaka ishirini, aliitazama kwa muda, akasema, "Nzuri." Ilikuwa na taa ya kijani iliyowaka pale tu mtu anapotazama. Wiki ya kwanza iliwaka mara kumi kwa siku, mwezi wa pili mara mbili, na kufikia Agosti kulikuwa na siku ambazo haikuwaka kabisa, na marehemu, ambaye hakuwa na jingine la kufanya, aliitazama, na ikiwaka aliinua mkono wa kushoto. Dada wa marehemu aliona hayo yote alipokuwa anamgeuza na kumwosha, na moyoni mwake alisema, onja.

Karatasi niliyoipeleka kwa kamati iliishia hapo, na kufuatiwa na shukrani. Hii nyingine hawajaiona. Naomba sasa dada wa marehemu aitwe mimi.

Siku ya Jumanne, tarehe 8 Oktoba, saa tano kasoro asubuhi, saa ya ukutani ilisimama, na mdogo wangu akasema, "Dada, betri imekwisha." Sikuwa na betri mpya. Bila kuwaza nilichukua redio ndogo ya mama iliyo dirishani, nikafungua mgongo wake kwa ukucha, nikatoa betri moja, nikapanda kwenye stuli, nikaipachika kwenye saa, nikasogeza mishale, na mikono yangu ilifanya hayo haraka, kama mikono iliyowahi kuyafanya. Nilipogeuka alikuwa anaitazama mikono yangu. Akaniomba niigeuzie kamera ukutani, ingawa taa ilikuwa imezima na hakuna aliyekuwa akitazama, nikaigeuza, ndipo akasema taratibu, "Ya saa na ya redio, zinaingiliana." Nikairudisha redio dirishani. Akasema, "Siku ile mama alikuwa na redio sikioni."

Alikuwa na redio sikioni, kwa sababu mimi ndiye niliyemwekea. Asubuhi ile ya Septemba nilitaka apate mtu wa kumsemesha nikiwa sipo, betri moja ya redio ilikuwa imekufa, nikaitoa ya kwenye saa nikaitia kwenye redio, nikamwekea mkononi, nikaondoka mbio kuwahi namba. Saa nne na dakika ishirini nikiwa kwenye foleni, macho yamejaa dawa, sioni hata aliyekaa mbele yangu, mdogo wangu alinipigia simu, na hilo halijulikani na mtu yeyote hapa, akasema, "Dada, ndiyo nakaa kwenye kioo sasa hivi, mshale hautembei na mama hatikisiki, nadhani picha imeganda, nije?" Alisema nije. Nami kwa hasira za miaka minne, za ndoo ya plastiki, za shule, za kila kitu, nilimjibu, "Uje kufanya nini? Si una karai? Panda juu ukaiweke sawa." Akapanda. Sikuikumbuka betri mpaka nilipofika mlangoni mchana nikaisikia redio inaimba, na mama amekuwa baridi, na jambo la kwanza nililolifanya, kabla sijamfumba macho, kabla sijamwita jirani, niliitoa ile betri, nikairudisha kwenye saa, nikasogeza mishale mpaka saa saba na dakika saba. Halafu ndipo nikapiga yowe mlilolisikia.

Kwa hiyo picha haikuganda hata dakika moja. Antena yake ilivuka bonde bila kosa, ilimwonyesha kilichokuwepo, mama aliyetulia na saa iliyosimama, na ubovu wote ulikuwa ndani ya redio. Hata mimi leo naogopa kufikiri jinsi ilivyokuwa kazi nzuri.

Siku ile aliponiambia kwamba betri zinaingiliana sikukiri, mnielewe vizuri, nilimwambia uji unapoa nikaenda jikoni. Niliporudi hakuuliza tena. Kesho yake alisema, "Dada, yale madaftari nichomee, kazi imekwisha," na binti yake alipopiga simu siku iliyofuata, taa ya kijani ikamulika ukuta, nikasimama mlangoni na trei mikononi nikingoja aseme, kwa kuwa sasa alikuwa na la kusema na wa kumsikiliza, akainua mkono, akamwambia, "Shangazi yenu ananitunza, msiwe na wasiwasi." Siku tisa baadaye, Jumamosi ya tarehe 19 Oktoba 2024, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mdogo wangu alikata roho kwa nimonia, akiwa na miaka sitini na mitatu na miezi saba, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu, na kamera ikiwa bado imegeukia ukuta. Ameacha mke, watoto wawili na dada mmoja. Madaftari sikuyachoma, yapo saba, kwenye ule mfuko wa kijani chini ya meza, na katika la kwanza, ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wake, imeandikwa saa nne na dakika ishirini, mshale umesimama, nimempigia dada.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mifupa, waliomhudumia siku arobaini na moja na kumwita kwa heshima fundi, jina ambalo huku alikuwa amenyang'anywa. Tunawashukuru mafundi wenzake waliokuja na nguo za kazi wakalibeba jeneza, na muuza magodoro aliyetoa godoro la mgonjwa na ambaye, katika mtaa huu mzima, ndiye pekee aliyewahi kusema kwamba mtu anayempungia mama yake mkono hawezi kuwa mtu mbaya. Tunamshukuru wifi yangu, mshonaji, aliyesafiri siku mbili kuja, na namwomba asiondoke kabla hajaniambia anachotaka kuniambia. Nanyi majirani nawashukuru kwa namna ya pekee, kwa kuwa kwa miaka kumi na moja mliamini kila nilichowaambia, hamkuuliza hata mara moja, mkacheka nilipocheka, isingekuwa ninyi nisingeweza kulibeba peke yangu. Karai nimelishusha jana, limetoboka katikati, halifai tena kufulia.

Pumzika, mdogo wangu, kwa amani ile niliyokunyima, ulikuwa unaona sawasawa.